Pointi za mwili na pointi za jina: namna majaji wanapima usanii katika patinaji ya wanawake

Leo ninawaletea mchezo ambao kwetu hatuna hata uwanja wake mmoja. Barafu ya karibu na sisi watu wa Eringeti ni ile ya juu ya Ruwenzori, na hakuna mtu anapanda kule kwenda kucheza. Pale Nairobi, hoteli Panari ilifungua uwanja wa barafu mwaka wa 2005, watu wakaanza kujaribu. Kwa wengi wetu lakini, patinaji ni kitu cha kwenye televisheni: msichana anateleza, anaruka, anazunguka, muziki unapiga, kisha anaenda kuketi na kungoja pointi huku anashika mikono ya kocha wake.

Juu ya nini niandike juu ya mchezo wa wazungu, mimi mtu wa agronomia? Juu ndani ya mchezo huu kuna swali ambalo sisi wote tunakutana nalo. Kitu kisichohesabika, utakipa pointi namna gani? Na pale jaji anapokosa kitu cha kuhesabu, je, jina la mtu halianzi kuhesabiwa mahali pake? Wewe uliyewahi kusimama mbele ya juri ya TFC, ao ya kazi, ao ya konkuru, swali hili ni lako.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

Katika patinaji ya kisanaa ya wanawake, kila mmoja anateleza mara mbili. Kuna programu fupi, ya dakika 2 na sekunde 40 hivi, na programu ndefu, ya dakika 4 hivi. Pointi za zote mbili zinajumlishwa. Ndani ya programu kuna miruko (mtelezaji anaruka, anazunguka hewani mara mbili ao tatu, anatua kwa mguu mmoja akienda kinyumenyume), kuna mizunguko ya mahali pamoja, na kuna hatua za miguu.

Jaji ana maswali mawili. La kwanza: amefanya nini? La pili: amefanya namna gani? Swali la kwanza linaweza kuhesabika. Aliruka mizunguko mitatu ao miwili na nusu? Alianguka ao hakuanguka? Video inarudishwa nyuma, watu wanaangalia, wanakata. Swali la pili njo penye kesi yote: alisikia muziki? Alijaza uwanja? Miguu yake ilikuwa na mwendo mzuri? Hapo ndipo panaitwa usanii.

Zamani: mfumo wa 6.0

Kwa miaka mingi sana kila jaji alikuwa anatoa alama mbili, ya juu kabisa ikiwa 6.0. Moja ya tekniki, moja ya usanii. Lakini muangalie vizuri: alama hizo hazikuwa zinajumlishwa tu kati ya majaji. Zilikuwa zinageuzwa kuwa nafasi. Jaji huyu kamweka fulani wa kwanza, yule kamweka wa pili, na mwenye majaji wengi upande wake njo anapita.

Matokeo yake ni nini? Jaji hapimi mtu peke yake, anamlinganisha na wenzake, hata wale ambao hawajateleza. Tuseme wa kwanza anaingia saa moja ya jioni na anateleza vizuri kabisa. Jaji akimpa 5.9, na bingwa wa dunia akija mwishoni na kumpita kidogo, atamuweka wapi? Hana tena nafasi. Kwa hiyo anabana, anatoa 5.4, anaweka akiba. Akiba ya nani? Ya wale anaojua tayari kuwa ni wazuri.

Sawa vile mtihani wa mdomo kwetu. Profesa anampa wa kwanza kuingia 12, hata kama amejibu yote, juu anajua kichwa cha promosheni bado iko nje anangoja. Hakuna mtu aliyekula rushwa. Ni mfumo wenyewe unamlazimisha jaji kukumbuka majina.

Surya Bonaly

Mtu ambaye hadithi yake inaonyesha jambo hili kuliko wote ni Surya Bonaly, Mfaransa mweusi. Alizaliwa Nice mwaka wa 1973, mama aliyemzaa akiwa na asili ya kisiwa cha Réunion, huku huku bahari ya Hindi, na akalelewa na wazazi wazungu waliomchukua kama mtoto wao. Alikuwa bingwa wa Ulaya mara tano mfululizo, tangu 1991 mpaka 1995. Kwenye mashindano ya dunia alipata medali ya feza mara tatu: 1993, 1994 na 1995. Zahabu ya dunia, hata siku moja.

Mwaka wa 1994, kule Chiba, Japani, yeye na Yuka Sato wa Japani walikuwa karibu kulingana kabisa. Mwishoni majaji 5 walimweka Sato mbele, 4 wakamweka Bonaly. Jaji mmoja tu. Saa ya medali, Bonaly mwanzoni hakukubali kupanda jukwaa, na alipovishwa medali ya feza akaivua. Watu wakamzomea.

Sasa tuwe wa kweli, tusilie tu. Sato alikuwa na miguu ambayo watu wa mchezo wanaisifu mpaka leo: anateleza bila kelele, anabadilisha ukingo wa chuma kama mtu anayeandika kwa kalamu. Bonaly nguvu yake ilikuwa miruko, na wataalamu walikuwa wanasema kati ya mruko na mruko kazi yake ya miguu haikutosha. Hoja hiyo si ya bure. Lakini kulikuwa na hoja nyingine pia: Bonaly alikuwa anaitwa "mwenye nguvu", "mwanariadha", na wengine walikuwa wanaitwa "wa neema". Mwili wake, rangi yake, nywele zake, nguo zake, vyote havikufanana na picha ya "malkia wa barafu" ambayo majaji wengi walikuwa nayo kichwani tangu utoto.

Basi kipi kilimnyima zahabu, miguu ao picha? Hapo njo ugonjwa wa mfumo ule: huwezi kujua. Neno moja, "usanii", lilikuwa limefunika yote. Ndani ya alama ile moja mulikuwa miguu, muziki, nguo, sura, jina, nchi, na mazoea ya jaji. Ni kama gunia lililofungwa: unalipa kwa kilo, lakini hujui ndani kuna kakao kavu ao mawe.

Kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka wa 1998, Bonaly, akiwa amekwisha kuumia mguu na anajua medali haipo tena, alipiga samasoti ya kinyumenyume katikati ya programu ndefu na kutua kwa mguu mmoja. Samasoti ilikuwa imekatazwa tangu Mmarekani Terry Kubicka aifanye kwenye Olimpiki ya 1976. Majaji wakamkata pointi, akamaliza wa 10. Watu uwanjani walishangilia. Na katazo lile? Shirikisho la kimataifa, ISU, liliiondoa mwaka wa 2024. Miaka 26 baada yake. Munaona vile kitu kimoja kinaweza kuwa kosa leo na kesho kikawa usanii, bila barafu kubadilika.

Kashfa ya 2002 na mfumo mpya

Kilichovunja mfumo wa 6.0 hakikutoka kwa wanawake peke yao, kilitoka kwa wanaoteleza wawili wawili. Kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka wa 2002, Warusi waliwapita Wakanada Jamie Salé na David Pelletier, kisha jaji wa Ufaransa, Marie-Reine Le Gougne, akasema kwamba shirikisho la nchi yake lilimsukuma kuwapigia Warusi. Baadaye akageuza maneno yake. Lakini moto ulikuwa umewaka. Wakanada wakapewa zahabu ya pili, jaji na mkuu wa shirikisho lake, Didier Gailhaguet, wakasimamishwa miaka mitatu. Gailhaguet huyo huyo aliwahi kuwa kocha wa Bonaly.

Kuanzia 2004 mfumo mpya ukaingia. Wazo lake ni zuri na mtu yeyote wa sayansi atalipenda: pasua swali kubwa kuwa maswali madogo, na gawanya kazi.

Kuna kundi la wataalamu wa tekniki. Kazi yao ni kusema tu: hiki ni kitu gani. Mruko gani, mizunguko mingapi, imetimia ao haikutimia. Kila kitu kina bei yake iliyoandikwa kwenye orodha. Mruko wa Lutz wa mizunguko mitatu, kwa mfano, ni pointi 5.90.

Halafu kuna majaji 9. Kwanza wanapima ubora wa kila kitu, kuanzia −5 mpaka +5, na kila hatua inaongeza ao kupunguza asilimia 10 ya bei. Lutz yetu ikipata +3 inakuwa 7.67. Ikipata −5 inashuka mpaka 2.95, na kama mtu ameanguka anakatwa tena.

Kisha wanapima programu nzima. Zamani kulikuwa vipengele vitano. Tangu msimu wa 2022–2023 vimebaki vitatu: mpangilio wa programu, uwasilishaji, na ufundi wa kuteleza. Kila kimoja kinapata kuanzia 0.25 mpaka 10. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, saba zinazobaki njo zinafanyiwa wastani. Jaji mmoja mwenye hila hawezi tena kubeba kesi peke yake.

Vizuri sana, si ndiyo? Sasa tufanye hesabu kidogo.

Hesabu ndogo inayofungua macho

Katika programu ndefu ya wanawake, kila kipengele kati ya vile vitatu kinazidishwa kwa 2.67. Tuseme wasichana wawili wameteleza sawasawa. Mmoja ni mpya, anatoka nchi isiyojulikana kwa mchezo huu. Majaji wanampa 8.00 kwa kila kipengele. Mwingine amekwisha kuonekana misimu mitatu, jina lake liko mdomoni mwa kila mtangazaji, wanampa 9.00. Tofauti ni pointi moja tu kwa kila kipengele, hakuna mtu atapiga kelele.

Lakini 3 mara 2.67 ni 8.01. Na Lutz ya mizunguko mitatu, ile ambayo msichana anaianguka mara elfu moja mazoezini mpaka nyonga zinageuka buluu, ni 5.90. Pointi moja ya "tunamjua" imepita mruko mzima.

Njo maana ninasema jambo hili si la urembo tu. Ni la haki. Mtu anaweza kukosa medali, pamoja na feza zote za wafadhili zinazofuata medali, juu ya tofauti ambayo huwezi kuionyesha kwa video.

Jina linaingilia wapi?

Watu wengi wanafikiri upendeleo ni bahasha chini ya meza. Bahasha zipo, lakini njia kubwa ni nyingine, tena zinapitiwa na watu waaminifu.

Ya kwanza ni matazamio. Mwaka wa 2004 watafiti wawili wa Canada, Leanne Findlay na Diane Ste-Marie, walichapisha utafiti mzuri: programu zilezile za wanawake zilipimwa na majaji waliowajua watelezaji na majaji wasiowajua. Mtelezaji alipangwa juu zaidi pale alipojulikana. Na cha kushangaza, alama ya tekniki ilipanda, ile tunayodhani ni ya kuhesabu. Jicho linaona kile ambacho kichwa kimekwisha kungoja. Bingwa akiyumba kidogo, jaji anaona "ameokoa vizuri". Mgeni akiyumba vilevile, jaji anaona "hana uhakika".

Ya pili ni mpangilio wa kuingia. Katika programu fupi makundi yanapangwa kwa kufuata nafasi za watelezaji duniani. Katika programu ndefu, waliofanya vizuri kwenye fupi wanateleza katika kundi la mwisho. Jaji akiona mtu katika kundi la kwanza, ameambiwa tayari, bila neno, huyu ni wa daraja gani.

Ya tatu ni woga wa kuwa peke yako. ISU inaangalia alama za kila jaji na kuzilinganisha na wastani wa wenzake. Ukienda mbali sana utaulizwa. Nia ni nzuri, kukamata wadanganyifu. Lakini jaji mwenye busara anajifunza haraka: njia salama ni kutoa alama ambayo wenzangu watatoa. Na wenzangu watatoa gani? Ile ambayo msichana huyu alipata mashindano yaliyopita. Hivyo alama ya jana inazaa alama ya leo.

Ya ine ni bendera. Tafiti mbalimbali zimeonyesha kwamba jaji anaelekea kumpa mtu wa nchi yake zaidi kidogo. Nchi yenye majaji wengi na watelezaji wengi inapata faida. Msichana ambaye nchi yake haina jaji hata mmoja hana wa kumtetea.

Na ya tano: mruko mzuri unapaka mafuta usanii. Mtu akitua miruko yote, jaji anafurahi, na alama za uwasilishaji zinapanda pamoja hata kama mikono ilikuwa inapunga hewa tu.

Sochi 2014: mfano wa kufundishia

Usiku wa Sochi, kule Urusi, mwaka wa 2014, unaonyesha mambo hayo yote pamoja. Yuna Kim wa Korea ya Kusini alikuwa bingwa wa Olimpiki ya 2010 na bingwa wa dunia mara mbili. Adelina Sotnikova wa Urusi alikuwa na miaka 17, na alikuwa hajapata medali yoyote kwenye mashindano ya dunia ya wakubwa. Baada ya programu fupi Kim alikuwa mbele kidogo sana: 74.92 kwa 74.64.

Kwenye programu ndefu, Sotnikova alipata 149.95, Kim 144.19. Jumla: 224.59 kwa 219.11. Zahabu ikabaki Urusi, dunia ikagawanyika.

Tuifungue sanduku. Sehemu ya tekniki ya programu ndefu: Sotnikova 75.54, Kim 69.69. Sotnikova aliweka miruko saba ya mizunguko mitatu, Kim sita. Hapo kuna kitu cha kuhesabu. Sehemu ya vipengele, yaani usanii: Kim 74.50, Sotnikova 74.41. Tofauti ni 0.09!

Wanaomtetea Kim wanasema: mtu aliyekomaa miaka yote ile na msichana ambaye ndiyo anaanza, watakuwaje sawa katika usanii? Wanaomtetea Sotnikova wanajibu: munataka Kim alipwe juu ya jina lake, ao juu ya kile alichofanya usiku ule? Kila upande unasema mwenzake anapima jina. Mmoja anaona jina la nchi mwenyeji, mwingine anaona jina la malkia.

Kilichoharibu zaidi ni kwamba hakuna aliyeweza kukagua. Mmoja wa majaji alikuwa bibi wa kiongozi mkubwa wa shirikisho la Urusi, na mwingine aliwahi kusimamishwa mwaka mmoja baada ya Nagano 1998. Labda walipima kwa haki kabisa. Lakini wakati ule alama zilikuwa zinatolewa bila majina ya majaji, kwa hiyo hakuna aliyejua nani alitoa nini. Mwaka wa 2016 ISU iliondoa siri hiyo. Leo alama ya kila jaji inaonekana na jina lake.

Usiku huohuo wa Sochi, aliyemaliza wa 10 alikuwa Maé-Bérénice Méité, binti wa Paris, mama mwenye asili ya Kongo na baba wa Côte d'Ivoire. Nafasi ileile ya Bonaly kule Nagano. Ninamtaja si kwa kulalamika juu yake. Ninamtaja juu wa 10 kwenye Olimpiki ni kitu kikubwa, tena wasichana wetu wanapaswa kujua kwamba damu ya kwetu imekwisha kusimama pale. Mwaka wa 2018 alirudi kwenye Olimpiki akateleza kwa muziki wa Beyoncé, na hakuna aliyemwambia huo si muziki wa barafu. Mlango ambao Bonaly aliusukuma kwa bega umefunguka kidogo.

Wanaoonja kahawa wanatufundisha nini?

Sasa nirudi kwa kazi yangu. Usanii si kitu cha barafu peke yake. Ladha ya kahawa nayo huwezi kuipima kwa rula: harufu, uchachu, uzito mdomoni, usawa. Lakini waonjaji walipata njia. Kwenye mashindano ya Cup of Excellence, yaliyoingia Rwanda mwaka wa 2008 na Burundi mwaka wa 2012, na kwenye Saveur du Kivu ya kwetu iliyoanza mwaka wa 2015, kikombe kinaletwa na namba tu. Muonjaji hajui ni ya mkulima gani, wala kilima gani. Mama asiye na jina anaweza kupita kampuni kubwa, na hakuna wa kubisha.

Msichana wa barafu huwezi kumfunika uso. Hiyo njo bahati mbaya ya patinaji: mwili unaopimwa na mtu mwenye jina ni kitu kimoja. Lakini namna ya kufikiri inabaki: ficha unachoweza kuficha, na ambacho huwezi kukificha, kiweke wazi kabisa.

Ku depo za kakao nimeona kinyume chake. Gunia la mpandaji anayejulikana linaangaliwa juu juu, linapita. Gunia la mama mkimbizi aliyefika juzi linafunguliwa mpaka chini, mkono unaingia, pua inakunjwa: "hii haikuchachuka vizuri." Kipimo kipo, si kigumu: unachukua mbegu, unazipasua kwa urefu, unahesabu zenye ukungu, zenye wadudu, zenye rangi ya kijivu. Kisu hakijui jina la mtu. Lakini kisu kinatolewa kwa mama tu, na kwa mwenye jina panatosha salamu.

Hapa lazima niseme kitu kwa upande wa pili. Jina si uongo kila mara. Mtu aliyeleta kakao nzuri mara kumi, kumuamini mara ya kumi na moja ni akili, si upendeleo. Sifa ni kumbukumbu ya kazi. Yuna Kim hakuokota jina lake njiani. Ubaya unaanza pale ambapo kazi ya jana inalipwa mara ya pili leo, na mwenye kukosa jana anakatwa kwa kitu ambacho leo hakukifanya vibaya.

Na sisi je?

Wengi wetu tumekwisha kukaa mbele ya juri. Wanaotusoma hapa, miaka mitano ijayo, watakaa upande wa pili wa meza: maasista, wakuu wa miradi, majaji wa kwaya, wapimaji wa mashamba. Juri moja niliyoona, ambayo sitaitaja, ilimuuliza mwanafunzi swali la kwanza kabisa: "Wewe ni mtoto wa nani, ulisomea sekondari wapi?" Kazi yake ilikuwa bado haijafunguliwa, lakini alama yake ilikuwa imeanza kuandikwa. Patinaji imelipa bei kubwa kujifunza mambo haya, sisi tuyachukue bure:

Moja, tenga kinachohesabika na kisichohesabika, na kisimamiwe na watu tofauti kama inawezekana. Anayekagua mbinu na takwimu za kazi asiwe yule yule anayesema "amejieleza vizuri".

Mbili, andika unachotafuta kabla ya kumuona mtu. "Usanii" ni gunia. "Anajibu swali aliloulizwa" ni mbegu unayoweza kupasua.

Tatu, kila mmoja aandike alama yake peke yake kabla ya mazungumzo. Mkubwa akisema wa kwanza, wadogo wote wanafuata, na juri ya watu watano inakuwa ya mtu mmoja.

Ine, tia sahihi kwenye alama yako. Alama isiyo na jina la jaji inalinda jaji, haimlindi anayepimwa.

Tano, chunga maneno yako. Ukijikuta kwa fulani unasema "ana kipaji" na kwa fulani "amejikaza", simama ujiulize: nimeona tofauti kwenye kazi, ao nimeona tofauti kwenye sura?

Na wewe unayepimwa kesho, neno la mwisho ni lako. Huwezi kuamuru majaji wakujue. Unachoweza ni kufanya sehemu inayohesabika iwe nzito kiasi kwamba kukukata kunahitaji maelezo. Omba vigezo kabla. Omba alama zako kipengele kwa kipengele baada ya kutangazwa, kwa heshima, bila kelele. Ni haki yako. Halafu rudi tena, na tena, mpaka jina lako nalo liwe kumbukumbu ya kazi. Bonaly alivua medali, na ninaelewa hasira yake. Lakini kilichobadilisha mchezo ni pale watu walipoanza kudai sanduku la alama lifunguliwe, wasome kilichomo ndani, mstari kwa mstari.